Mwalimu wa Kipaimara Hakutubu

Nianze kwa kuwakatalia wanaosema alikuwa mpole. Siku hizi, kwa kuwa hayupo tena, kila mtu kule kwetu anamkumbuka akiwa na tabasamu usoni na peremende mfukoni. Peremende zipi? Mwalimu wetu wa kipaimara alikuwa mwanamke mgumu, na anayebisha hakuwahi kukaa kwenye benchi lake.

Tulikutana naye Jumamosi asubuhi katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, pembeni mwa mji wa Iringa, ambako baridi ya Juni inakuingia mpaka kwenye meno. Hakuruhusu mtoto kuficha mikono ndani ya sweta. "Toa mikono, simama, sema." Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo mgongo unaninyooka. Ukisimama unasema somo lako lote kwa kichwa, na ukiruka neno moja umekwisha. Hakuchapa wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Kaa chini, hujafaulu," akamgeukia mwenzako kana kwamba wewe hukuwahi kuzaliwa. Mtoto wa mzee mmoja wa kanisa alikalishwa hivyo mwaka mzima, na baba yake alipokuja kulalamika, Mwalimu alimwambia asimame yeye aseme badala ya mtoto. Baba akakumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe hajawanywesha.

Ajabu ni kwamba jambo lenyewe alilotukaririsha kwa ukali huo lilikuwa la upole kuliko yote niliyowahi kufundishwa. Alitufundisha kwamba mtu haokolewi kwa uzuri wake, wala kwa sadaka zake, wala kwa kuwa mtoto wa fulani. Wokovu ni zawadi, na zawadi hupokelewa kwa mikono mitupu. Kila kipindi kilimalizika kwa maswali yaleyale.

"Mungu anamwokoa mtu kwa nini?"

"Kwa neema tu!"

"Kwa sababu amefanya nini?"

"Hakuna!"

"Huko mwisho wamelala. Amefanya nini?"

"Hakuna!"

Tulilipaza hilo "hakuna" mpaka akina mama waliopita njiani na mizigo ya kuni wakageuka kutazama. Siku moja, kwa utundu wangu, nilimuuliza: kama wokovu ni wa bure, kwa nini kipaimara kina mtihani? Aliniangalia, nikajua nimekwisha.

"Wokovu ni wa bure," akasema. "Mtihani ni wangu."

Alikuwa mfupi, na goti moja lilimsumbua, hivyo alitembea akiinamia upande kidogo. Alivaa sweta ya kijani ya kiume iliyopwaya mikononi, na mvua zikianza alivaa mabuti ya mpira hata kanisani. Alizungumza na kuku wake kwa Kihehe, na Mungu kwa Kiswahili. Akikuta mtu anamsema jirani, hakumkanya. Alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa mpaka msemaji akachoka. Mama yangu alikuwa akimwogopa na kumpenda kwa kipimo kilekile.

Ulanzi aliuchukia. Msimu wa kugema mianzi, wakati nusu ya wanaume wa mtaa wetu wanarudi nyumbani kwa kupapasa kuta, alisimama njiani na mabuti yake akawasema mmoja mmoja kwa majina ya baba zao. Lakini mgema aliyewanywesha wote hao alipougua, ni Mwalimu aliyempelekea uji kila asubuhi, akakaa kitandani kwake akimsimulia habari za mwana mpotevu. Mgema huyo alikuwa na wake wawili na kanisa lilikuwa limemtenga zamani. Watu walipomuuliza Mwalimu imekuwaje, alijibu kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga.

"Nimesema siupendi ulanzi. Yeye mwenyewe nilisema simpendi?"

Basi wakamkumbusha, ili kumfurahisha, yule mwizi aliyesulubiwa kando ya Yesu akaahidiwa paradiso siku ileile. Walidhani atapenda. Wapi!

"Huyo mwizi mmemchosha," akasema. "Kila mkitaka kuonyesha mna huruma mnamtajaga yeye. Mnampenda kwa sababu hakuiba kwenu."

Nimewahi kusikia mahubiri mengi, mengine kwa vipaza sauti vya kutikisa mabati, lakini hilo ndilo nililobaki nalo.

Alikuwa na rafiki mmoja mjini, mzee Mwislamu mwenye duka la vitambaa pale sokoni, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Kila Jumanne alipokwenda kununua mahitaji, Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mbao mbele ya duka hilo akanywa chai ya tangawizi. Hawakufichana kitu. Yeye alimwambia mzee waziwazi kwamba angefurahi siku moja amwone akibatizwa. Mzee naye alimwambia waziwazi kwamba angefurahi siku moja amsikie akitoa shahada. Wakishamaliza hapo wanaulizana habari za magoti. Sisi watoto tulimbana: Mwalimu, yule mzee wa duka ataingia mbinguni?

"Mimi nilipewa kazi ya kualika," akasema. "Kukaa mlangoni kuwakagua wageni sikupewa. Na wewe hukupewa. Fungua somo."

Nilipoolewa nikahamia Mbeya, mtaa wa Soweto, ambako mpaka sasa nauza mchele, alikuja kunitembelea mara moja tu. Jioni tulipita kwenye uwanja uliokuwa na mkutano wa injili. Kijana mmoja mwenye koti la suti akamkimbilia Mwalimu, macho yamemwiva kwa maombi.

"Mama, Bwana asifiwe! Umeokoka?"

"Amina. Ndiyo."

"Lini, mama? Taja siku. Mtu aliyeokoka anaijuaga siku yake!"

Mwalimu aliegemea bega langu ili apumzishe goti. "Mwanangu," akasema, "mtu aliyetolewa kwenye shimo la choo huwa haangalii saa. Anamwangalia aliyemtoa. Halafu anaoga."

Mimi nilicheka mpaka tukafika nyumbani. Yeye hakucheka. Alisema yule kijana ana moto mzuri, ila wamemfundisha kujiangalia sana.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Kaka yangu alijiua. Naliandika neno lenyewe kwa sababu kule kwetu walisema "alizidiwa", walisema "mambo yalimshinda", wakasema kila kitu isipokuwa hilo. Alikuwa akifanya kazi za mbao huko Mgololo. Akarudi nyumbani amekonda, anakaa jikoni kutwa akitazama moto, ukimsemesha anajibu "ndiyo" kwa jambo ambalo halihitaji ndiyo. Tulidhani ni uchovu. Mama alidhani amerogwa. Hakuna aliyejua kuuliza vizuri, na asubuhi moja tukawa hatuna wa kumuuliza.

Mimi nilikuwa nimeshafika kutoka Mbeya Mchungaji alipokuja. Huyu alikuwa kijana wa hapohapo kwetu. Tulikaa naye benchi moja la kipaimara, na ni mara chache mtu kupangiwa kwao, lakini yeye alipangiwa. Alikaa na mama sebuleni, akakataa chai, akatueleza kwa sauti ya chini kwamba kanisa haliwezi kumzika. Sababu zake alikuwa nazo. Mtu aliyejiua, alisema, amekufa ndani ya dhambi ambayo hakupata nafasi ya kuitubu. Hakutakuwa na kengele, kwaya haitakuja, na yeye hatavaa kanzu. Wala msalaba hautawekwa kaburini. Mama hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mwanangu yuko wapi?"

Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba akimenya viazi pamoja na akina mama wa msiba. Sijui alisikiaje. Aliingia na kisu mkononi, maji yakimchuruzika kwenye mikono ya ile sweta.

"Mchungaji, unaendeshaga pikipiki, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tuseme leo umemjibu mkeo vibaya, umetoka umekasirika, lori likakugonga hapo barabara kuu. Utatubu saa ngapi?"

"Mwalimu, hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake nini? Nani alikufundisha kwamba tunaokolewa kwa kuwahi?"

"Ni utaratibu wa kanisa, Mwalimu. Siwezi kuuvunja peke yangu."

"Basi ukae nao. Mimi nakwenda kuzika."

Akazika kweli. Watu wengi walikuja, kwa upendo au kwa umbea, sikuwauliza. Mvua ilinyesha, na mzee wa duka la vitambaa, aliyefunga duka lake akapanda bodaboda mpaka kwetu, alimshikia Mwalimu mwavuli. Mzee mmoja wa kanisa alipaza sauti kwamba mwanamke huyu hajawekewa mikono ya uchungaji na mtu yeyote. Mwalimu hakumgeukia. Alisema kaka yangu alibatizwa katika kanisa lile, na kwamba alisimama mbele yake akiwa mtoto akasema somo lake lote bila kuruka neno. Alisema ahadi aliyopewa siku ile haikuwa na sharti la kutougua, na kwamba Mungu hampimi mtu kwa siku yake mbaya kuliko zote. Kisha akauliza, kwa sauti yake ileile ya Jumamosi:

"Mungu anamwokoa mtu kwa nini?"

Watu walitazama matope. Aliyejibu wa kwanza ni mama yangu.

"Kwa neema tu."

"Kwa sababu amefanya nini?"

"Hakuna," akasema mama, na safari hii hakuwa peke yake. Watu wazima walijibu, wenye ndevu na wenye wajukuu, wote waliopita kwenye benchi lile, kwa sababu swali likiulizwa kwa sauti ile mdomo unajibu wenyewe. Mwalimu akasimika msalaba wa vipande viwili vya mbao alivyovifunga kwa utepe wa kitenge chake. Mama alirudi nyumbani akala, kwa mara ya kwanza tangu tumpoteze kaka.

Jumapili iliyofuata likasomwa jina la Mwalimu. Ametengwa. Kwa asiyejua, mtu aliyetengwa kwetu hafukuzwi kanisani, lakini anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wenzake wanapokwenda kwenye Meza ya Bwana yeye anabaki akitazama visigino vyao. Akifa hivyohivyo, anazikwa kama alivyozikwa kaka. Kurudi si kazi kubwa. Unasimama mbele ya watu, unasema "Nimekosa, naomba mnipokee," wanaimba, unapewa mkono, na mambo yamekwisha siku hiyohiyo.

Mwalimu alichukua kitabu chake cha nyimbo, akainuka kwenye benchi la mbele alilolikalia maisha yake yote, akatembea na goti lake bovu kanisa zima mpaka nyuma. Akaketi kati ya mke wa pili wa mgema na binti aliyezaa kabla ya ndoa. Akawaambia wasogee, wamembana.

Walidhani ataona aibu na kutubu kabla ya Pasaka. Hawakumjua. Yeye alichoona pale nyuma ni darasa. Watu wale walikuwa wamezoea kuja kanisani wameinamisha vichwa, na yeye akaanza kuwasomesha baada ya ibada, palepale mlangoni, toa mikono, simama, sema. Ikafika mahali Mchungaji akiuliza swali katikati ya mahubiri, mbele wanakohoa, na benchi la nyuma linajibu kwa pamoja mpaka watoto wanacheka. Binti yule mwenye mtoto alisema kwangu kwamba kabla ya hapo alidhani neno "neema" ni jina la watu tu.

Miaka ikaenda hivyo. Mwalimu hakukosa Jumapili, na hakutubu.

Mwaka jana Mchungaji alinipigia simu nikiwa dukani. "Dada, njoo," akasema. "Mwalimu hali yake si nzuri. Mimi sitaki azikwe kama mtu asiye na kanisa. Nimezungumza na wazee, wamekubali asisimame mbele. Aseme hapohapo kitandani, neno moja tu, nimpe Meza ya Bwana. Wewe atakusikia. Kosa lenyewe ni la kwenu."

Sikupenda lile la mwisho, lakini nilipanda basi. Nilikuwa nimeamua kumshawishi. Sikutaka afe na njaa ya ile Meza kwa ajili yetu, halafu alazwe ardhini kimyakimya, yeye aliyewafundisha kuimba wote wanaoimba kwenye ile kwaya. Nilimkuta Mchungaji uani, kisanduku cha mkate na divai amekifunga kwenye pikipiki. Akabaki nje, nikaingia.

Alikuwa amelazwa jikoni karibu na moto, sweta ya kijani imezidi kumpwaya.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene. Wamekutuma."

"Wamenituma. Lakini hata mimi nataka. Sema tu, Mwalimu. Mungu anajua ukweli. Kaka amelala, hatasikia."

"Yeye hatasikia," akasema. "Mama yako atasikia."

Nikasukuma ukuni motoni.

"Unadhani Meza siitaki?" akaendelea. "Kila Jumapili nawaona wanarudi wamefumba macho, ladha bado iko mdomoni, na mimi nameza mate. Naitaka kuliko dawa. Lakini mama yako analala usingizi kwa sababu ya nilichosema pale kaburini. Nikisema nilikosa, nitakuwa nimemfukua kaka yako mbele ya mama yake. Mwite huyo kijana aingie, baridi itamuua."

Mchungaji aliingia na kisanduku chake, akakiweka kwenye kigoda, akasimama mikono mifukoni mwa jaketi.

"Toa mikono," akasema Mwalimu.

Akaitoa. Nisingeamini kama nisingeona.

"Mungu anamwokoa mtu kwa nini?"

"Kwa neema tu, Mwalimu."

"Kwa sababu amefanya nini?"

"Hakuna."

"Na hili neno mnalotaka niliseme ndipo nizikwe na watu wangu, hilo ni nini?"

Mchungaji alifuta uso. Nitampa haki yake: hakuwa mtu mbaya, na alichojibu hakikuwa cha kipuuzi. "Nina vijana wanaokata tamaa, Mwalimu," akasema. "Wananijia. Nikimpigia kengele aliyejiua, naogopa. Naogopa wataona ni njia kama njia nyingine."

"Wanakujia?"

"Wanakuja."

"Basi hapo unafanya vizuri. Wape chai, wasikilize, ukae nao mpaka kuche, uwapeleke hospitali. Hiyo ndiyo kazi. Mtoto wa watu hazuiliwi na kengele aliyonyimwa marehemu. Aliyekosa mtu wa kumuuliza habari ndiye huyo tuliyemzika." Akavuta pumzi. "Umejibu swali lako. Langu hujalijibu."

Moto ulipasuka kidogo. Mchungaji alikitazama kisanduku, akamtazama Mwalimu, mkono wake ukafika kwenye kifungo cha shaba cha kisanduku, ukakaa pale. Mimi niliomba moyoni akifungue. Niliomba kwa nguvu zangu zote. Akaondoa mkono.

"Kaa chini," Mwalimu akamwambia. "Hujafaulu." Halafu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani, akaongeza, "Mwakani utarudia."

Mchungaji alitoka analia. Mimi nilikuwa na hasira, na ninayo bado. Nilikaa nikamshika Mwalimu mkono, akaniuliza kama somo ninalikumbuka. Nikasema ninalikumbuka. Akaniambia nisimame niseme, nikasimama pale jikoni, mama mzima mwenye watoto wakubwa, nikasema mwanzo mpaka mwisho, naye akafumba macho akisikiliza kama kuna neno litaruka.

"Umefaulu," akasema. "Utanizika wewe."

Nikamzika. Kengele haikulia na kwaya haikuja. Benchi la nyuma lilikuja lote, na wale wa mbele wakaja wengi kuliko wazee walivyotarajia, na mzee wa duka akaletwa na wajukuu wake, hawezi tena kushika mwavuli. Niliuliza maswali yale mawili. Walijibu mpaka kuku wake wakaruka. Mchungaji alikuwa amesimama barabarani nje ya uzio, bila kanzu, mikono nje ya mifuko. Midomo yake ilitikisika. Sijui alijibu pamoja nasi au ni baridi, na sikwenda kumuuliza.

Jina langu limeshasomwa. Nikienda kwetu Krismasi nakaa nyuma karibu na mlango, na mama yangu, ambaye hakutengwa na mtu, amehamia huko mwenyewe na mto wake wa kukalia. Wazee wamenieleza vizuri kwamba hakuna haraka. Wananisubiri siku moja nisimame mbele, niseme nimekosa.

Wasubiri.